Hatua Arobaini na Moja Mpaka Ubaoni

Kazi nimeacha, lakini kalamu za ubao sikuondoka nazo. Ziko kwenye droo ya chini ya kabati la chumba cha kulia, mbili nyeusi na moja ya buluu. Ile ya buluu imekauka tangu msimu uliopita, na anayeitunza sijui anaitunzia nini. Mlinikatia keki, mkanivisha taji la karatasi, mkasema, "Mama Kabula, tuandikie ulivyokuwa ukifanya kazi, na sisi tujifunze." Haya, mmejitakia wenyewe. Mimi shule niliishia darasa la nne kule Tabora, kwa hiyo mkikuta sentensi imepinda, inyoosheni mnaposoma. Nyinyi mna vyeti.

Sitawaambia nilipanda cheo mwaka gani, maana sikupanda. Niliingia mhudumu wa wazee, nimetoka mhudumu wa wazee. Kilichobadilika ni magoti yangu tu.

Nilikuja hapa Garland, jirani na Dallas, mwishoni mwa miaka ya tisini kulea wajukuu. Binti yangu Neema alifanya kazi hospitali, mumewe ghala la vipuri, na watoto watatu walihitaji mtu wa kuwapigia kelele kwa lugha ya kueleweka. Nikawapigia. Leo wote watatu wanaongoza darasani, na mkinikuta dukani nitawaonyesha picha, msijifanye mna haraka. Ila walipoanza shule wote, nilibaki ndani na mashine ya kufulia, tunatazamana. Nikamwambia Neema, "Mwanangu, nitafutie kazi kabla sijaanza kuisalimia hii mashine ikanijibu." Ndipo akanileta kwenu, kwenye hii nyumba ya wazee.

Siku ya kwanza niliharibu kabla ya saa nne asubuhi. Mzee mmoja alitaka kusimama, mimi nikamshika mkono nikamvuta, kama unavyomvuta mtu shimoni. Nyuma yangu mtu akapiga ukelele.

"Mama! Usimukokote mukono! Mukono ya muzee iko sawa tawi ya mupapai. Utaikata, ubakie nayo!"

Huyo alikuwa Mama Furaha, mwenyeji wa Uvira, Kongo, aliyenitangulia kazini mwaka mmoja. Alikuwa anakaa Vickery Meadow, mtaa wa wageni kule Dallas, anapanda treni na basi mpaka hapa, na hakuchelewa hata siku moja. Nyinyi mnaokuja na magari yenu mnajua mnavyofika. Akachukua ule mkanda mpana wa kitambaa, akamfunga mzee kiunoni, akashika mkanda kwa nyuma, akamhesabia moja, mbili, tatu, mzee akasimama kama kijana anayeitwa kula. Mkanda huo ndio mnaoutupa tupa vitini kama mtandio wa harusi iliyokwisha. Kitu kikubwa kuliko mashine zenu zote mle ndani ni huo mkanda.

Mama Furaha alinifundisha mengi, mengine nimeyasahau, mengine yalikuwa uongo. Alinifundisha kubisha hodi hata kwa kiziwi, na kumwambia mtu unachotaka kumfanyia kabla hujamfanyia. Siku nilipochanganya meno ya bandia ya mabibi wawili wakashinda wananuniana, kila mmoja akiona chakula kimebadilika ladha, ni yeye aliyegundua. Na kuna neno aliniambia tukitandika vitanda, wala hata hakunitazama: "Kila muzee iko na kitu moja bado anapigania. Tafuta ile. Ukiipata, kazi yako imeisha nusu."

Sasa ubao. Ule ubao mweupe ukutani mwa chumba cha kulia huwa unaandikwa siku ya leo, hali ya hewa, na chakula cha mchana. Msichana aliyekuwa akiuandika aliolewa akahama. Nesi mkuu wetu, Sista Wanjiru wa Nyeri, akatuita wahudumu wote, akatupa kila mmoja kikaratasi tuandike mstari mmoja, akatazama mwandiko. Nikashinda mimi. Mwalimu wangu wa darasa la pili alikuwa akitupiga rula kwenye vifundo vya vidole mpaka herufi zetu zikasimama wima zenyewe kwa woga. Mwandiko nilikuwa nao. Kiingereza ndicho sikuwa nacho. Lakini kunakili si kusoma. Naweza kunakili kitabu kizima cha daktari nikamaliza bila kujua kama mgonjwa amepona.

Mwezi wa tisa ulipofika, Sista Wanjiru akaniambia kuanzia Jumatatu hiyo niongeze na mpira. Huu mpira wao wa kubeba kwapani. Jumatatu niandike matokeo ya jana na mechi za Jumapili inayokuja, nichukue kwenye gazeti la asubuhi. Nikasema sawa. Kuna kitu gani kwenye mpira ambacho Mnyamwezi hakijui?

Mwaka huo ndio alioletwa Mzee Harold.

Mzee Harold alikuwa fundi wa malori, sauti yake ilikuwa nene, mikono kama makasia. Alianguka akavunjika nyonga, akakaa hospitali, na alipotoka hakurudi kwake. Alikuta kitanda chake, redio yake na saa yake ya ukutani vimeshapangwa kwenye chumba chetu cha mwisho wa korido. Mwanawe wa pekee, Dale, aliyekuwa akitengeneza mashine za hospitali Houston na kukaa Pearland, alikuwa ameuza nyumba baba akiwa bado hospitalini. Labda hakuwa na njia nyingine. Mtu hawezi kukaa peke yake na nyonga ya chuma, na Pearland ni mbali, zaidi ya saa nne kwa gari. Lakini hakumwambia. Alitia saini kwanza, akasema baadaye. Basi mzee akageukia ukutani, wala hakusema naye tena. Dale alipiga simu kila wiki, baba hakuipokea hata moja.

Daktari alisema nyonga imepona, atembee. Miguu ilikubali, mwenye miguu akakataa. Tulimpelekea chakula kitandani, tukampelekea kanisa kitandani. Nilimfunga mkanda nikahesabu moja, mbili, tatu, akanitazama mpaka nikamfungua.

Jumatatu moja asubuhi nikanakili gazeti vizuri kabisa, herufi zimesimama kama askari. Kisha nikampelekea uji. Haya maneno nayaandika kwa Kiswahili, ila mjue yalisemwa kwa Kiingereza, chake kizito na changu chepesi.

"Mzee Harold, nina habari mbaya."

"Nani amekufa?"

"Dallas. Wamefungwa mbili bila."

Akageuka kutoka ukutani. "Mbili nini?"

"Mbili bila. Dallas sifuri, wenzao mbili. Nimeandika ubaoni kwa mkono wangu."

"Mwanamke, huu mchezo hauishi mbili bila."

"Kwetu unaisha. Mbili bila ni ushindi mzuri tu, watu wanachinja mbuzi."

"Nimeutazama huu mchezo tangu kabla hujazaliwa!"

"Basi njoo uone."

Nilisema hivyo kama mtu anavyosema tu, mkono wangu uko kwenye kijiko. Nikamwona anateremsha miguu. Akanyoosha kidole. "Lete huo mshipi wako."

Kutoka kitandani kwake mpaka ubaoni ni hatua arobaini na moja, nilizihesabu siku hiyo kwa sababu sikuamini. Alipumzika mara mbili, mara moja penye mlango wa dobi, mara nyingine penye tangi la samaki. Akasimama mbele ya ubao akapumua kama lori lenyewe. Paliandikwa: Dallas 0–2.

Akacheka mpaka nikaongeza mkono wa pili kwenye mkanda.

"Bibi wewe," akasema, "haya si magoli. Hii ni hesabu ya msimu. Hatujashinda hata mchezo mmoja, tumefungwa miwili. Hii ndiyo rekodi yetu."

"Kwa hiyo wamefungwa."

"Ndiyo, wamefungwa."

"Si ndivyo nilivyosema?"

Akanikalisha mezani. Fundi hawezi kuona kitu kimeharibika akakiacha. Akapanga pakiti za sukari na za chumvi akanifundisha: anayefika na mpira mwisho wa uwanja huhesabiwa sita, na akipiga teke baadaye likapita, moja. Teke la mbali likipita katikati ya nguzo, tatu.

"Na mbili?" nikauliza, maana nilikuwa bado naitetea mbili yangu.

"Mbili ni nadra. Ni pale mtu anapoangushwa na mpira wake ndani ya mwisho wa uwanja wa kwake mwenyewe. Hiyo ni fedheha. Omba isikukute."

Akanionyesha na mechi zijazo, nani yuko nyumbani, nani anasafiri, maana kumbe wao humtaja mgeni kwanza na mwenyeji baadaye. Kwa hiyo timu zote nilikuwa nimezisoma kinyume, mwenyeji nikimdhania mgeni. Nilipomrudisha chumbani alikula uji wote, akadai na mkate.

Jumatatu iliyofuata nilikuwa najua kusoma gazeti. Ndiyo maana nikakosea.

Niliandika Dallas wanacheza Jumapili na timu ambayo Mama Furaha aliniambia baadaye ni ya mpira wa kikapu. Nikapita mlangoni kwa Mzee Harold nikamsomea, na nikaendelea na safari yangu polepole. Sijafika tangi la samaki, nasikia, "Wewe! Mshipi!" Wiki nyingine nikahamisha mechi mji. Wiki nyingine nikawapa ushindi waliofungwa. Kila Jumatatu alikuja, kwanza na mkanda, kisha na kigari cha kusukuma, anafuta kwa kiganja, anaandika, anagomba. Na wazee wengine wakaanza kuja kumtazama akigomba.

Sista Wanjiru akaniita pembeni. "Mama Kabula, hii ni bodi ama ni gazeti ya udaku? Familia moja imelalamika."

"Sista, hii ni dawa."

Akamtazama Mzee Harold, amesimama kwa miguu yake, kalamu mkononi, masikio mekundu. Akaandika kitu kwenye faili. "Sawa basi. Lakini makosa ikae kwa mpira peke yake. Ukinikosea menyu, wale wagonjwa wa sukari watanimaliza."

Nawaachia kanuni ya dawa hiyo. Kosa liwe moja tu kwa wiki. Liwe kubwa la kumtoa mtu kitandani, lakini lisiwe kubwa mpaka ajue anachezewa. Na usimcheke anaposahihisha. Mshukuru.

Nilimjua zaidi kwa njia hiyo. Alipomaliza habari za Dallas alikuwa na kejeli zake za kudumu kwa watu wa Houston. Wao miaka hiyo hawakuwa na timu kabisa. Walikuwa nayo, ikahamishiwa Tennessee, wakabaki na kofia. "Wamebaki na kofia!" Mzee Harold alipenda kusema, akipiga goti. "Mwanangu anayo moja. Mtu mzima, ana kofia ya timu iliyokwisha kuondoka." Mara ya kwanza alipolitaja neno hilo, mwanangu, lilimtoka kwenye kejeli. Nikaliweka moyoni. Nikamkumbuka Mama Furaha na kile kitu kimoja ambacho mtu bado anapigania. Nilidhani nimekipata, kumbe nilikuwa nimeshika mkia wake tu.

Msimu ukaisha. Dallas walimalizaje sisemi, bado kuna majeraha. Halafu inakuja miezi ambayo mpira haupo, kuanzia mwezi wa pili mpaka wa nane, na huo ndio ukame wetu. Alijitahidi mpaka masika. Katikati ya joto kifua kikamshika, akapelekwa hospitali wiki mbili, akarudi amekonda, na alipolazwa tu akageukia ukutani, palepale pa zamani.

Mwisho wa mwezi wa nane Sista Wanjiru akatuambia mambo yalivyo. Chumba kile ni cha watu wanaoweza kufika chumba cha kulia wenyewe. Jumatatu baada ya mechi za kwanza atakuja na faili. Kama Mzee Harold hajatembea, Jumanne anahamishiwa kule nyuma, kwa wasioinuka kitandani. Nyote mnakujua kule nyuma. Si pabaya, pana mashuka safi na watu wema. Ila hakuna ubao. Na miaka yote niliyofanya kazi, sikuona mtu aliyepelekwa kule akarudi mbele.

Nikaanza dawa yangu. Nikaandika Houston na Dallas wanacheza Jumapili hapa Dallas, nikaenda kumsomea. Mnakumbuka mwaka huo Houston walipata timu mpya kabisa, na mchezo wao wa kwanza wa kuhesabiwa ulikuwa dhidi ya Dallas, kule kwao Houston. Kila mtu alijua, hata samaki wa kwenye tangi.

Mzee hakugeuka. "Bibi," akauambia ukuta, "tangu mwaka jana najua unakosea kwa makusudi."

Nikatia kalamu mfukoni.

"Nilikuwa nakuja kwa sababu nilitaka kuja. Sasa sitaki. Mwache mtu alale."

Nilitoka pale nikaenda chumba cha mashuka, nikakunja mashuka ambayo yalikuwa yameshakunjwa. Mama Furaha akanikuta. "Dawa imekwisha nguvu?" Nikamwambia mgonjwa amesoma karatasi ya dawa.

Ijumaa ile Dale akapiga simu kama kawaida yake, na aliyeipokea alikuwa mimi. Akauliza baba anaendeleaje. Nikamwambia kweli, kwamba Jumanne anahamishwa. Kisha akasema angependa kuja kumwomba msamaha, ila anaogopa.

Sasa hapa inabidi niwaeleze jambo, hasa nyinyi mliozaliwa huku. Sisi Wanyamwezi tuna watani. Wazaramo ni watani wetu. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe na huruhusiwi kukasirika. Ukinuna, kosa ni lako. Baba yangu mdogo alipokufa, ndugu zake wawili walikuwa hawasemezani, wamesimama kila mmoja upande wake wa kaburi. Mtani akarukia shimoni, akalala chali, akasema marehemu alikuwa mchoyo na yeye hatoki mpaka aletewe kuku wa huyo mchoyo. Wale ndugu wakacheka kwa pamoja kabla hawajajizuia. Wakishacheka pamoja, mtanyamaza tena vipi? Msamaha ulikuja baadaye, wala hakuna aliyeona umekuja saa ngapi.

Nikamwambia Dale, "Msamaha uache huko huko. Njoo umcheke."

"Nimcheke?"

"Dallas na Houston si watani? Wakifungwa Dallas, njoo na kofia. Mkifungwa nyinyi, njoo bila kofia akucheke yeye."

"Mama, ataniambia niondoke."

"Akikwambia uondoke atakuwa amekwambia neno. Mwaka mzima hajakwambia hata moja."

Hakuahidi. Alisema tu kwamba Jumapili atakuwa uwanjani.

Jumatatu nilifika mapema, nikafungua gazeti, nikasoma mara tatu. Nikamwita Mama Furaha naye asome. Houston kumi na tisa, Dallas kumi. Timu yenye umri wa siku moja, watu waliokusanywa juzi! Nikachukua kalamu nikaandika kwa herufi za rula, kubwa kupita za chakula. Sikukosea hata nukta.

Saa mbili na nusu Sista Wanjiru akaja na faili lake akasimama koridoni. Nikabisha hodi.

"Mzee, matokeo."

"Nimekwambia niache."

"Houston kumi na tisa, Dallas kumi."

Kisha bega likatikisika.

"Bibi, kuna kukosea, na kuna kutukana."

"Ndivyo ilivyo."

"Ile timu haijapata kushinda kitu tangu dunia iumbwe!"

"Sasa imepata kimoja."

"Kafute."

"Sifuti. Kalamu iko kule."

Nilikuwa nimesimama na mkanda nyuma ya mgongo. Akatoa mguu wa kwanza. Nguvu alikuwa hana, jamani, alikuwa na hasira tu, ila hasira ya fundi wa malori inaweza kubeba mengi. Nikamfunga mkanda. Moja, mbili, tatu. Kwenye mlango wa dobi akasimama, miguu inatetemeka, akasema, "Kumi na tisa!" akaendelea. Kwenye tangi la samaki nilidhani tumefika mwisho. Sista Wanjiru alitufuata nyuma, faili amelikumbatia kama mtoto. Nilikuwa nahesabu kimoyomoyo, na nilipofika thelathini na tano nikasahau hesabu.

Tukaingia chumba cha kulia. Bibi mmoja akafungua kinywa kumwambia mzee kwamba ni kweli, Mama Furaha akakijaza uji.

Mzee akafuta ubao kwa kiganja. Akachukua kalamu. Akaandika Dallas 19, Houston 10, akapiga mstari chini.

"Umeandika kinyume, Baba."

Dale alikuwa amesimama mlangoni. Shati limekunjika kwa safari, macho mekundu kwa usingizi, kichwani kofia mpya ya Houston yenye karatasi ya dukani bado inaning'inia. Alikuwa ametoka Pearland kabla jua halijachomoza, akijua anakuja kumkuta mtu wa kitandani. Akawa anatazama miguu ya baba yake, na yale aliyojiandalia yote nadhani yalikuwa yamemtoka.

Mzee Harold hakugeuka. "Nani kamruhusu mtu wa Houston kuingia humu?"

Dale akanitazama mimi. Nikamtolea macho: cheka!

"Nimekuja kuwapa pole wafiwa," akasema. "Nasikia kuna msiba Dallas." Hakuna aliyecheka. Akaisukuma kofia nyuma. "Na zile mbili za mwisho, Baba... mtu wenu aliangushwa na mpira wake ndani ya mwisho wa uwanja wenu."

Mbili! Mzee akageuza shingo polepole akanitazama.

"Bibi. Ni kweli?"

"Kweli, Mzee. Safari hii sikukosea."

Ile sheria yetu ya kwamba anayenuna ndiye mwenye kosa, mzee wa Texas angeijulia wapi? Nilihisi uzito wake unahama ndani ya mkanda, nikajua anatafuta kiti, na akishakaa ataniambia nimrudishe, na kurudi ni kule nyuma. Kumbe alikuwa anageuka. Akamnyooshea Dale kalamu.

"Basi andika mwenyewe. Mimi mkono wangu hauwezi."

Dale akaja akaandika. Mwandiko mbaya, wa kuku aliyekanyaga wino. Mzee akautazama.

"Muoneni," akatuambia sote. "Na mwandiko huu ndio ulioniuzia nyumba."

Mkono wa Dale ukasimama. "Ndiyo, Baba," akasema. "Ulikuwa huu huu. Nilipaswa kukwambia kwanza."

"Ulipaswa kwenda shule kwanza."

Nikasikia pumzi inatoka puani kwa Mzee Harold, nusu kicheko nusu kikohozi, na Dale naye akashindwa kujizuia. Sikumbuki nani alitangulia. Mama Furaha anasema ni yeye Mama Furaha.

"Endelea basi," mzee akasema. "Hujamaliza kazi. Jumapili ijayo, nani na nani?"

Dale akachukua gazeti. "Houston wanasafiri kwenda San Diego."

"Mtafungwa."

"Na Dallas wako nyumbani." Akaangalia vizuri, akainua uso. "Na Tennessee."

Mzee akayumba kidogo ndani ya mkanda, kama mtu aliyepewa zawadi asijue aishike wapi. "Walioondoka na timu yenu wakawaachia kofia."

"Hao hao."

"Kwa hiyo wiki hii uko na Dallas."

"Wiki hii tu, Baba."

"Vua hiyo kofia ukae chini, uji unapoa. Na Jumatatu uje nikucheke."

Sista Wanjiru akafungua faili, akaandika neno moja: anatembea. Kisha akaenda chumba cha mashuka, akakaa kidogo. Alipotoka akanikaripia kwamba zamu yangu vitanda viwili havijatandikwa. Ilikuwa kweli.

Jumapili ile Houston walifungwa San Diego, na Dallas wakashinda. Jumatatu Dale akaja, bila kofia. Hakuja kila Jumatatu, Pearland haijasogea, lakini simu zake zilianza kupokelewa, na zilikuwa na kelele. Mzee Harold alikaa nasi misimu mingine mitatu, upande wa mbele, na ubao ule hakuniachia tena kabisa. Mimi nilibaki na hali ya hewa na chakula.

Ndivyo nilivyokuwa nikifanya kazi, kama ndilo mlilotaka kujua.

Sasa nina neno moja na nyinyi wa zamu ya asubuhi. Jumatatu hii nilipita kuchukua sufuria yangu niliyoisahau jikoni. Nikasoma ubao wote. Mwandiko mzuri, matokeo sahihi, mechi zijazo sahihi, mgeni na mwenyeji kila mtu mahali pake. Hauna kosa hata moja. Na kwenye chumba cha kulia, saa mbili na nusu asubuhi, walikuwa wamekaa watu wawili, mmoja amelala.

Nikachukua kalamu nyeusi. Nikaandika Jumapili Dallas wanacheza ugenini, Tabora. Nikamsomea yule mzee mpya wa chumba cha mwisho kupitia mlangoni, nikaweka sufuria yangu kwapani, nikaanza kuondoka polepole.

Sijafika tangi la samaki, nikasikia mkongojo.